Sumu Ndani ya Yai: Safari ya Kemikali hadi Visiwa vya Kiunga

Mwaka 1971 jarida la Ibis, linalosomwa na wataalamu wa ndege ulimwenguni kote, lilichapisha makala fupi kuhusu ndege wa baharini wanaozaliana katika visiwa vya Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, pale Lamu inapopakana na Somalia. Waandishi walikuwa P. L. Britton na Leslie Brown. Brown alifahamika zaidi kwa kazi yake juu ya tai na heroe, lakini kabla ya uhuru alikuwa miongoni mwa wakuu wa idara ya kilimo ya koloni. Alijua mambo mawili ambayo si kawaida kukaa kichwani mwa mtu mmoja: jinsi ndege anavyotaga, na jinsi shamba linavyopuliziwa dawa.

Visiwa hivyo ni vipande vya mwamba wa matumbawe vilivyotawanyika baharini mbele ya Kiunga, Rubu, Mkokoni na Kiwayu. Vingi havina maji wala mti wa kumpa mtu kivuli, na mwamba wake una ncha kali za kukata viatu. Kwa binadamu ni mahali pa kupita. Kwa ndege ni nyumbani. Kusi linapovuma, maelfu ya buabua hushuka hapo kutaga. Hawa ni ndege wembamba, wenye mkia wa panda na mdomo uliochongoka, wanaoishi kwa kupiga mbizi juu ya samaki wadogo. Yupo buabua waridi, ambaye kifua chake huingia wekundu hafifu wakati wa kuzaliana. Yupo mwenzake mwenye mgongo wa kijivu na paji jeupe, anayeficha yai lake moja katika nyufa za mwamba. Pamoja nao hutaga shakwe wa rangi ya masizi, ambao hawaoni haya kuiba mayai na makinda wa jirani zao.

Kinda wa buabua waridi huanguliwa baada ya wiki tatu hivi, akiwa na manyoya laini yenye madoa yanayofanana na mwamba alioulalia. Saa sita mchana mwamba huo huwaka moto. Mzazi mmoja husimama juu yake amefungua mabawa kidogo ili kumkinga na jua; mwingine yuko baharini. Anaporudi huwa amebeba samaki mmoja, amembana kwa upana katikati ya mdomo. Kinda humpokea kwa kichwa na kummeza mzima. Safari hizo hurudiwa mchana kutwa, siku baada ya siku, kwa muda wa wiki nne hivi hadi kinda aweze kuruka. Kila gramu ya mwili wake imetoka katika vitu viwili tu: kiini cha yai alilozaliwa nalo na samaki aliyeletewa. Hana chanzo kingine. Kilichomo baharini, kizuri au kibaya, humfikia kwa njia hizo mbili.

Wavuvi wa Kibajuni wanaijua bahari hiyo kupitia ndege hao. Nahodha akiona buabua wamekusanyika wakipiga mbizi, hugeuza mashua, kwa maana chini ya dagaa wanaorukaruka juu ya maji kuna sehewa au jodari wanaowafukuza. Ndege, samaki na mtu hula katika sahani moja.

Mwaka 1979 serikali ya Kenya ilitangaza eneo hilo kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, kilomita za mraba zipatazo 250 za matumbawe, mikoko, nyasi za baharini na visiwa, na mwaka uliofuata UNESCO ikaliingiza katika orodha yake ya hifadhi za bayosfia. Sheria iliweka mipaka juu ya ramani. Lakini kemikali zilizoanza kuleta msiba kwa makinda wa bahari katika karne ya 20 hazikuwahi kuheshimu mpaka wowote, na ili kuelewa kinachowahusu ndege wa Kiunga ni lazima kwanza kutoka Kiunga.

DDT ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1874 na Othmar Zeidler, mwanakemia kijana mjini Strasbourg, bila kujua kwamba ina kazi yoyote. Ilikaa vitabuni miaka 65. Mwaka 1939 Paul Müller, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Geigy huko Basel, Uswisi, aligundua kwamba inaua wadudu kwa kuwagusa tu, na kwamba ukutani ilipopakwa huendelea kuua kwa miezi mingi. Mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Sifa iliyompa tuzo hiyo, ya kutooza upesi, ndiyo iliyokuja kuwa balaa. DDT haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Ikiingia katika mwili wa mnyama hujificha kwenye mafuta yake na kukaa humo. Mdudu wa majini ana chembe yake, samaki mdogo anakula wadudu mia, samaki mkubwa anakula samaki wadogo mia, na ndege anawala wote. Ni kama maji ya bahari katika mashamba ya chumvi ya Gongoni: maji hupotea, chumvi hubaki na kuzidi ukali. Ndege wa baharini yuko mwisho kabisa wa mfereji huo.

Baada ya DDT zikaja ndugu zake: dieldrini, aldrini, endrini, lindani. Pembeni yao zilikuwapo PCB, mafuta ya viwandani yaliyojazwa katika transfoma za umeme, ambayo hayakuwa dawa ya mdudu yeyote lakini yalikuwa na tabia ileile ya kukaa. Mwaka 1966 mwanakemia wa Sweden, Sören Jensen, aliyekuwa akitafuta DDT katika samaki na tai, aliziona PCB katika vipimo vyake akatambua kwamba zimekwisha kuenea katika viumbe.

Afrika Mashariki ilizipokea dawa hizi kwa shangwe, na haifai kuicheka shangwe hiyo leo. Malaria ilikuwa ikiua watoto. Katikati ya miaka ya 1950, katika mradi wa Pare na Taveta uliovuka mpaka wa Tanganyika na Kenya, nyumba zilipuliziwa dieldrini na mbu wakapungua sana. Visiwani Zanzibar kampeni ya kutokomeza malaria iliendeshwa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, na ilipofungwa, waliokuwa na vimelea damuni walikuwa chini ya asilimia 5. Dieldrini ilimwagwa pia kupambana na nzige wa jangwani na mbung'o. Katika mashamba ya pamba DDT ilikuwa dawa ya kila siku. Wanaolaumu kizazi kile kwa kupulizia nyumba wangefaa kwanza kuhesabu makaburi ya watoto wa wakati huo. Lawama ya haki ni nyingine: hakuna aliyeuliza dawa inakwenda wapi baada ya kumaliza kazi.

Jibu la kwanza la wazi kuhusu makinda wa bahari lilitoka Uholanzi, na liliwahusu jamaa wa karibu wa ndege wa Kiunga. Katika bahari ya kina kifupi ya Wadden, hasa kisiwa cha Griend, walikuwa wakitaga buabua wakubwa wenye kishungi. Katika miaka ya 1950 walikuwa zaidi ya jozi 30,000 nchini humo. Ghafla wakaanza kuporomoka. Makinda waliokuwa wakilishwa vizuri walionekana wakitetemeka, wakipigapiga mabawa bila mpango, kisha wakifa juu ya mchanga wakiwa wamenona. Kufikia mwaka 1965 nchi nzima ilikuwa imebakiwa na jozi chini ya 1,000.

Aliyefuatilia kisa hicho alikuwa Jan Koeman, mtaalamu wa sumu. Katika miili ya ndege waliokufa alikuta dieldrini, endrini na telodrini, na njia ya sumu hiyo ilirudi hadi kwenye maji machafu ya kiwanda cha dawa za wadudu karibu na Rotterdam. Mkondo wa bahari uliyachukua maji hayo kaskazini kando ya pwani, samaki wadogo wakazinyonya kemikali, na wazazi kwa upendo wao wote wakawalisha watoto wao kifo. Kiwanda kilipozuiwa kumwaga taka hizo, buabua walianza kurudi, ila polepole mno. Miongo mitatu baadaye walikuwa bado hawajafikia idadi ya zamani.

Koeman hakuishia Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuja Kenya, akachukua vipimo katika Ziwa Nakuru akiwa na wenzake, na makala yao ya mwaka 1972 katika jarida la Journal of Applied Ecology inalo jina la Perez Olindo, Mkenya aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa. Walitaka kujua kama heroe na mwari wa Nakuru wamekwisha kuguswa na madini na dawa za mashambani. Miaka michache baadaye Leslie Brown naye alishiriki utafiti wa mabaki ya dawa hizo katika maziwa ya Bonde la Ufa, uliochapishwa mwaka 1981, baada ya kifo chake. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeandika habari za viota vya Kiunga alimaliza maisha yake akiitafuta sumu katika ndege wa bara. Inasikitisha kwamba mikono hiyo miwili ya kazi yake haikukutana pale juu ya mwamba wa matumbawe.

Wakati huohuo nchini Uingereza na Marekani habari zilizidi kuwa mbaya. Mwaka 1967 Derek Ratcliffe wa Uingereza alikuwa ameonyesha, kwa kupima maganda ya mayai yaliyohifadhiwa tangu zamani, kwamba maganda ya kozi yalianza kuwa membamba mara baada ya DDT kuingia mashambani. Mwaka 1970 katika kisiwa cha Anacapa, California, mwari wa kahawia walijaribu kutaga katika viota zaidi ya 500 na wakapata kinda mmoja tu. Mayai yalipasuka chini ya uzito wa mama zao. DDT mwilini hugeuka kuwa DDE, na DDE huzuia madini ya chokaa kufika kwenye ganda linapojengwa.

Kisa kinachoigusa Kiunga kwa karibu zaidi kilitokea kwenye kisiwa kidogo cha Great Gull, mlangoni mwa ghuba ya Long Island karibu na New York. Huko Helen Hays alikuwa ameanza mwaka 1969 kuwafuatilia buabua wa kawaida pamoja na buabua waridi, aina ileile inayotaga Kiunga. Alianza kuona makinda wasiokuwa sawa: wenye midomo iliyopishana, macho madogo kupita kiasi, wengine wakipoteza manyoya ya mabawa wakati tayari walikuwa karibu kuruka. Mwaka 1972, akishirikiana na Robert Risebrough, alichapisha katika jarida la The Auk vipimo vya makinda hao. PCB zilikuwamo ndani yao kwa wingi. Buabua waridi wa Marekani na buabua waridi wa Lamu wametengana kwa bahari mbili, lakini maini yao yanafanya kazi namna moja.

Tangu hapo elimu imezidi kuingia ndani ya mwili wa kinda. Mama anapotengeneza yai huyatoa mafuta ya mwili wake na kuyaweka katika kiini, na sumu iliyokusanywa kwa miaka huhamia humo pamoja nayo. Kiinitete huogelea ndani yake kabla hakijaona mwanga. Mwaka 1981 Michael Fry na mwenzake walidunga DDT katika mayai ya shakwe na viinitete vya kiume vikaota sehemu za uzazi za kike. Katika Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini, Keith Grasman na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba shakwe na buabua wachanga walioishi penye PCB nyingi walikuwa na kinga dhaifu ya mwili. Kinda wa namna hiyo anaonekana mzima. Ana manyoya, anapokea samaki, analia kwa njaa. Ugonjwa mdogo ambao mwenziwe angeushinda ndio utakaomwondoa, na anayehesabu viota ataandika kwamba ulikuwa mwaka wa hali mbaya ya hewa.

Hali mbaya yenyewe huongeza madhara. Kusi likivuma kwa nguvu mwezi Julai, bahari huchafuka na wazazi hushindwa kuona samaki chini ya maji. Kinda anabaki bila chakula na mwili wake unaanza kuyachoma mafuta yake. Hapo sumu iliyolala ndani ya mafuta humwagika katika damu na kufika kwenye ubongo na ini, saa ileile ambayo kinda ana nguvu kidogo kuliko siku zote.

Je, bahari ya Lamu ina kemikali hizi? Njia za kuifikia zinajulikana. Kusini mwa visiwa, huko Kipini, Mto Tana unamwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana baada ya kupita miguuni mwa Mlima Kenya na katika miradi ya umwagiliaji ya Hola, iliyoanza mwaka 1953, na Bura, iliyofuata miaka ya 1970 na 1980. Yote miwili ilijengwa juu ya pamba, zao linalopuliziwa dawa kuliko karibu mazao yote. Mvua za masika huleta mafuriko, na mafuriko huleta udongo. Ndipo kusi linapoanza, na mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huyasukuma maji hayo kuelekea kaskazini, upande wa Lamu. Miezi michache baadaye mayai ya kwanza huanguliwa Kiunga. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hushuka kusini na kukutana na ule wa pwani katika bahari hiyohiyo, kisha yote miwili hugeukia mashariki. Maji ya Lamu ni njia panda.

Upo ushahidi wa kupimwa. Shem Wandiga wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichukua maji, matope, mwani na samaki katika sehemu kadhaa za pwani ya Kenya, Sabaki ikiwa mojawapo, na mwaka 2002 walieleza kwamba walikuta mabaki ya DDT, dieldrini na lindani, ingawa DDT ilikuwa imepigwa marufuku katika kilimo cha Kenya tangu mwaka 1986. Kazi nyingine ya wanakemia hao ilitoa jambo la kufikirisha. Katika udongo wa Kenya wenye joto DDT hutoweka haraka mara nyingi kuliko katika udongo wa Ulaya, nusu yake ikiondoka kwa miezi tu. Sehemu kubwa haifi. Huvukia hewani, huchukuliwa na upepo, na kutua mahali pengine penye baridi. Ndiyo maana katikati ya miaka ya 1960 DDT ilikutwa katika miili ya pengwini wa Antaktika, ambako hakuna shamba hata moja. Joto letu limetupunguzia mzigo, na mzigo huo wamebebeshwa wengine.

Mkasa wa Vikuge unaonyesha pia kwamba marufuku peke yake haisafishi kitu. Katika shamba hilo la serikali karibu na Kibaha, Tanzania, kiasi cha tani 170 za DDT, nyingine ikiwa imekwisha muda wake, zililetwa mwaka 1986 zikiwa msaada kutoka Ugiriki. Ghala liliporomoka, unga ukanyeshewa mvua, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliopima udongo wa hapo miaka mingi baadaye bado waliikuta DDT kwa viwango vikubwa. Msaada wa namna hiyo ni takataka iliyofungwa utepe, na nchi iliyoupokea ndiyo iliyoachwa na kazi ya kuuzika.

Tarehe 22 Mei 2001 Mkataba wa Stockholm ulipitishwa, ukizitaja kemikali 12 za kwanza za kupigwa marufuku au kubanwa, na DDT ikaruhusiwa hasa kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa kama malaria. Kenya iliuridhia mwezi Septemba 2004, miezi michache baada ya mkataba kuanza kutumika. Orodha imeendelea kukua, na mwaka 2009 ziliongezwa kemikali za kuzuia moto zinazotiwa katika plastiki na samani, pamoja na PFOS, iliyotumika katika vitambaa visivyoshika maji na povu la kuzimia moto.

Mwaka 2012 timu iliyoongozwa na Hindrik Bouwman wa Afrika Kusini ilitoa matokeo kutoka Rodrigues, kisiwa cha Mauritius kilicho peke yake katikati ya Bahari ya Hindi. Walichukua mayai machache ya aina tatu za ndege wa familia ya buabua. Viwango walivyokuta vilikuwa vidogo ukilinganisha na vya Ulaya na Amerika, na hiyo ni habari njema. Lakini hapakuwa na aina hata moja iliyokuwa safi: PCB zilikuwamo, DDT ilikuwamo. Rodrigues haina kiwanda cha kutengeneza hata kimoja kati ya vitu hivyo.

Kwa upande wa Lamu, uchafu wenyewe ulikuwa umebadilika sura. Mwaka 1997 Julie Church, aliyekuwa akifanya kazi ya uhifadhi huko Kiunga, aliwaona watoto wakitengeneza vitu vya kuchezea kutokana na kandambili zilizotupwa na bahari. Kandambili hizo zilikuwa nyingi kiasi cha kuwazuia kasa kupanda ufukweni kutaga. Wanawake wa vijiji vya hifadhi walianza kuziokota, kuziosha na kuzichonga, na kazi hiyo ikazaa biashara inayojulikana leo kwa jina la Ocean Sole. Kisiwani Lamu fundi Ali Skanda aliongoza ujenzi wa jahazi la mita 9 kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likafunikwa kwa vipande vya kandambili 30,000. FlipFlopi, kama lilivyoitwa, lilishushwa majini Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likasafiri kwa tanga kilomita 500 hadi Zanzibar. Wengi waliliangalia kwa sababu ya rangi zake. Ilikuwa kazi ya ufundi halisi, na ilifanya plastiki ya pwani ya Lamu izungumzwe hadi mikutano ya Umoja wa Mataifa.

Plastiki ina uhusiano wa moja kwa moja na sumu za kale. Mwaka 2001 Yukie Mato, Hideshige Takada na wenzao nchini Japani walionyesha kwamba chembe ya plastiki ikielea baharini hunyonya PCB na DDE hadi mara laki moja, na hata milioni moja, kuliko maji yanayoizunguka. Plastiki nayo ni mafuta yaliyogandishwa, na kemikali hizi hupenda mafuta. Mwaka 2020 kundi la Takada lilitoa matokeo ya jaribio la kisiwa cha Awashima: makinda wa ndege wa bahari kuu walilishwa chembe za plastiki zenye viambato vitano vilivyojulikana, na viambato hivyo vikaonekana baadaye katika maini na mafuta yao. Kabla ya hapo baadhi ya watu waliweza kusema kwamba plastiki hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Sasa hawawezi.

Watu wa Lamu wamekwisha kuonyesha kwamba wanaweza kusimama mbele ya sumu kabla haijamwagwa. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga huko Kwasasi mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, wa kwanza wa aina yake nchini. Makaa yakichomwa hutoa zebaki, na zebaki ikifika baharini hupanda kutoka samaki hadi ndege kama ilivyofanya DDT. Save Lamu, muungano wa wakazi, ulipeleka shauri mbele ya Mahakama Maalumu ya Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo ikafuta leseni kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla, Mahakama Kuu mjini Malindi ilikuwa imeamua kwamba wavuvi zaidi ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Bandari yenyewe ilifunguliwa Mei 2021 katika ghuba ya Manda upande wa bara, na tangu hapo meli kubwa zinapita katika maji ambayo awali yalikuwa ya mashua na majahazi.

Yote hayo yalishughulikia uchafu unaoonekana au unaotangazwa. Uliomo ndani ya yai hautangazwi. Hatari inayotajwa zaidi katika visiwa vya Kiunga ni mkono wa binadamu, kwa sababu wavuvi kutoka pande zote mbili za mpaka wamezoea kuteremka visiwani na kuokota mayai kwa chakula. Ni kinyume cha sheria, na huvuruga kundi zima, kwani wazazi wakiruka hewani shakwe hushuka kuiba yaliyobaki. Anayekula yai hilo anakula pia kiini chake, pamoja na chochote ambacho mama ndege amekusanya kutoka baharini. Mama anayemnyonyesha mtoto wake huko Rubu au Mkokoni hula samaki walewale. Maziwa ya mama, kama kiini cha yai, hutengenezwa kwa sehemu kutokana na mafuta ya mwili. Afya ya kinda wa buabua inamhusu mwanamke huyo moja kwa moja.

Usalama umefanya kazi kuwa ngumu. Tangu mashambulizi ya mwaka 2011 huko Kiwayu na vita dhidi ya al-Shabaab, watafiti wachache huenda hadi mpakani, na wavuvi wenyewe waliishi miaka mingi chini ya marufuku ya kuvua usiku. Lakini askari wa Huduma ya Wanyamapori wapo Kiunga, wakazi wapo, na kipimo chenyewe hakihitaji kuua ndege. Katika kila kundi la viota hubaki mayai viza, ambayo mama ameyalalia hadi akakata tamaa. Mayai ya namna hiyo hupimwa duniani kote. Huokotwa msimu ukiisha, hufungwa katika karatasi ya alumini, hugandishwa, ganda likapimwa unene na kiini kikapelekwa maabara.

Huduma ya Wanyamapori, Makavazi ya Kitaifa, taasisi ya utafiti wa bahari ya KMFRI mjini Mombasa na wanakemia wa Nairobi wanao ujuzi wote unaohitajika, na vijana wa Kibajuni wanajua ni mwamba upi una viota vya nani. Mayai machache ya kila aina yalitosha Rodrigues. Kusi lijalo litakapokwisha na makinda wakubwa kuondoka, mayai viza yaokotwe katika visiwa vya Kiunga, yapimwe, na majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wa Kiunga, Mkokoni na Kiwayu kabla hayajapelekwa katika jarida lolote.